Kitambaa Kwenye Kona ya Kioo

Haya ninayoandika hamtayaamini. Mtasema mjomba kaanza mambo yake. Semeni tu, ngozi yangu nene. Lakini ni kweli tupu kwamba mpwa wangu aliitengeneza mashine ikatengenezeka, watu wakampigia makofi, na mpaka leo anatamani angeishindwa.

Mwenyewe yuko hapa nje ya mlango wangu, kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananitengenezea redio. Nina mazoea ya kuyasoma kwa sauti ninayoyaandika, maneno yasije yakanikimbia. Yeye kichwa kakiinamisha kwenye nyaya, hasikii. Na akisikia, shauri yake. Ni mtoto wa dada yangu, nina kibali cha kumsema.

Watu wanamwita Zima-Washa. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu ulikuwa ukimpelekea kompyuta yoyote, iwe imeganda, iwe inanguruma, iwe imepoteza rangi, kabla hajakuuliza habari za nyumbani anakwambia, "Zima. Haya, washa." Na nusu ya mashine zilikuwa zikipona hapo hapo. Mwenye mashine anaona haya kwamba kabeba mzigo mzito mpaka huko kwa ajili ya kubonyeza kitufe, naye Zima-Washa anakaa kifua mbele kama daktari aliyemfufua mtu. Kibanda chake kipo kati ya kinyozi na muuza vitasa. Ndani kuna meza moja, taa yenye shingo ndefu, na makasha ya kompyuta yaliyotolewa matumbo, mia mbili hivi. Haya, ishirini. Ukipita asubuhi utamkuta kaing'ata bisibisi kwa meno, anaisemesha mashine kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa.

Tabia mbaya anayo moja, na sikatai kwamba ameirithi upande wetu: neno "sijui" halimtoki mdomoni. Likimfika kooni analimeza, badala yake anasema, "Dakika tu." Amesema "dakika tu" kwa mashine zilizomkalia kibandani mpaka buibui wakapata wajukuu humo.

Ufundi wenyewe hakuupata chuoni. Aliupata kwenye karakana alikofanya kazi mama yake, karakana ya kutarizi nembo: nembo za mashati ya shule, za walinzi, za timu za mpira. Mama yake, dada yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa mchoraji. Mteja analeta simba wake kwenye karatasi iliyokunjwakunjwa, dada anakaa mbele ya kompyuta anamchora upya, mshono kwa mshono: hapa sindano ipite hivi, hapa ivuke, hapa manyoya yalalie upande. Akimaliza, kompyuta inaiamuru mashine kubwa ya kutarizi, na mashine inashona. Pale kazini hapakuwa na aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Nembo, na ukitembea mjini kila kifua cha tatu kilichopita mbele yako kilikuwa kimepita mikononi mwake.

Zima-Washa alipokuwa mdogo, akitoka shule alikwenda kukaa chini ya meza ya mama yake, akijenga minara kwa vigurudumu vya uzi vilivyoisha. Baadaye akaruhusiwa kupanda kwenye kiti. Mama alimwacha abonyeze chochote. Alimchapa kofi mara moja tu pale karakanani, na kofi lenyewe lilikuwa kwa ajili ya kitambaa.

Maana kwenye kioo cha kompyuta ile, kona ya chini upande wa kulia, palibandikwa kipande cha kitambaa chenye ua jekundu la kutarizi, upana wake vidole viwili. Kioo cha kwanza kilikuwa kinene kama sanduku; kilipokufa kikaja chembamba, na kitambaa kikahamia huko. Ukimuuliza dada, alisema kinamzuilia mwanga wa dirisha usimpige machoni. Dirisha lilikuwa upande wa kushoto. Lakini nani angempangia Mama Nembo mwanga wake? Mtoto alikigusa siku moja, akala kofi, akaacha. Alikua akijua kwamba kitambaa kile hakiguswi, kama watoto wa nyumba nyingine wanavyojua kwamba kiti cha baba hakikaliwi.

Mwenye karakana wa kwanza alikuwa mzee mpole, fundi hasa, mtu wa kuomba radhi hata akikanyaga kivuli chako. Alipofariki, karakana ikamwangukia mwanawe, ambaye wafanyakazi wakimwona yuko mbali humwita Mrithi. Mrithi si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, hadithi yangu ingenyooka. Ni mtu wa haraka tu, anayetaka kila kitu kiwe kimeshakwisha kabla hakijaanza.

Asubuhi moja Mrithi aliingia kaishika flashi juu kama mtu aliyeokota lulu. Ndani ya flashi kulikuwa na programu mpya ya kuchorea nembo. Unaipiga nembo picha, unaiingiza, programu inajichorea yenyewe wewe ukinywa maji.

"Na mimi?" dada akauliza.

"Mama, wewe unabaki na wateja wako wa zamani. Michoro yao si yote imo kwenye ile programu yako? Nani mwingine anaijua? Mpya kwa kazi mpya, ya zamani kwa kazi za zamani. Kiti chako kipo."

Hicho kiti ndicho kisa chenyewe. Dada yangu alikuwa na kiti kimoja tu duniani, cha mbao, chenye mto alioutarizi kwa mkono wake, na alikikalia tangu mumewe alipoondoka kwenda kutafuta maisha, maisha yakampata huko huko yakamweka. Kiti hicho ndicho kilichomlisha na kumvisha Zima-Washa. Dada hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala hakuwa na umri wa kuanza kuijua.

Basi Mrithi akachomeka flashi, akaibofya programu mara mbili ijisakinishe. Kiduara kikazunguka pembeni ya mshale, kikapotea. Kimya. Akabofya tena. Kikazunguka, kikapotea. Halikufunguka dirisha, halikuandikwa kosa, hata tusi halikutoka. Akabofya na kubofya, kama mtu anayegonga mlango huku anawasikia wenyewe wanapumua ndani.

Akageuka. "Mama, jana mashine hii ilikuwa nzima?"

"Hata leo ni nzima. Ona, simba wangu huyu hapa, nimemfungua sasa hivi."

"Mbona inaikataa ya kwangu?"

Dada akamwinamia simba wake. Kwenye kona alikuwapo Mama Pasi, anayenyoosha mashati yaliyokwisha kutariziwa, mwanamke ambaye ulimi wake una moto kuliko pasi. Akasema, "Labda inaona wivu, Bosi. Mke mkubwa na mke mdogo hao."

Watu wakacheka. Mrithi hakucheka.

"Mwite mwanao," akamwambia dada. "Lakini isipofunguka leo, nitajua kuna mtu humu hataki ifunguke. Na mtu wa hivyo siwezi kukaa naye."

Zima-Washa akaja na mkoba wake begani, anapiga mluzi. Mama Pasi alikuwa na binti wa kuozesha, kwa hiyo alimpokea mlangoni. "Mkwe wangu huyo! Karibu, tuokoe, mashine yenu imesusa."

"Shikamoo, mama mkwe. Inasusa mbele yangu? Shikamoo, Mama."

"Marahaba," dada akasema, na hakumtazama usoni.

Zima-Washa akaiangalia kompyuta, akavuta pumzi, akasema lile lake. "Zima. Haya, washa."

Wakazima, wakawasha. Kijisindano kikajitokeza kwenye kioo, juu kidogo ya kitambaa, kama kilivyojitokeza kila asubuhi tangu utoto wake; ndiyo alama ya programu ya mama yake, huamka yenyewe mashine inapowashwa, kabla mtu hajagusa kitu. Kisha wakaibofya programu mpya. Kiduara, kisha kimya.

"Dawa imekwisha nguvu, mkwe," alisema Mama Pasi.

Zima-Washa akakunja mikono ya shati. Alilitoa faili kwenye flashi akaliweka ndani ya mashine yenyewe, maana flashi nyingine ni mbovu. Wapi. Akalifungua kwa idhini ya mwenye mashine badala ya idhini ya mtumiaji. Wapi. Akamzima mlinzi wa virusi kwa muda, labda ndiye anayeziba mlango. Wapi. Akapima nafasi iliyobaki, ilitosha. Mwishoni akaichomoa flashi akaichomeka kwenye laptopu yake mwenyewe, akabofya, na dirisha likafunguka pale pale, jeupe, la adabu, linauliza asakinishe wapi.

"Eee!" akapiga kelele kwa furaha. "Faili ni zima kabisa. Mgonjwa ni mashine hii."

Ndipo alipomwona Mrithi anamtupia mama yake jicho la pembeni, akatambua kwamba kwa furaha yake ya kijinga ameikaza kamba badala ya kuilegeza.

"Bosi, nipe nafasi kidogo," akasema haraka. "Dakika tu."

Mrithi akatoka kwenda kumsikiliza mteja nje. Zima-Washa akafungua orodha ya vinavyofanya kazi ndani ya mashine, akabofya huku anaitazama. Jina la programu mpya likaibuka, likazimika, kama mtu aliyechungulia mlangoni akaambiwa siyo hapa. Akakuna kichwa. Akawaza labda michoro ya mama imejaa mahali inapotaka kukaa ile mpya, akaifungua folda ya michoro ili aiangalie. Macho yakamwangukia kwenye tarehe.

"Mama, nembo hii ya timu ya mabondia, si mimi niliyekuletea karatasi yake juzi juzi?"

"Ndiyo."

"Mbona mashine inasema uliichora mwezi wa sita, mwaka ambao mimi nilikuwa navaa kaptula?"

Dada alikuwa anazipanga upya nyuzi zilizokwisha kupangwa.

Akashuka chini kwenye folda, na chini zaidi. Simba, tai, mwenge, mpira, kitabu kilichofunguliwa, vyote mwezi wa sita, vyote mwaka ule ule. Kazi za maisha ya mtu mzima zimebanwa kwenye mwezi mmoja.

"Aa, betri tu," akasema, na moyo ukamtulia. "Ndani kuna kijibetri kama kifungo cha shati, ndicho kinachoishikia mashine saa. Kimekufa. Hebu niione tarehe ya leo inasemaje." Na mkono wake ukaenda kwenye kitambaa, maana tarehe iko chini ya hapo.

Mkono wa mama ukaudaka.

"Usibandue."

"Mama, nataka kuona tarehe tu."

"Najua unachotaka kuona."

Mama Pasi alikuwa anaipulizia pasi maji, mvuke unafoka, hasikii kitu. Dada akavuta kiti karibu na mwanawe, akamwambia kwa sauti ya chini jambo ambalo hata mimi ndugu yake wa tumbo moja sikuwahi kuambiwa.

"Programu yangu tulipewa kuijaribu mwezi mmoja. Mwezi ukiisha inafunga, mpaka uinunue. Mzee alipopata uwezo wa kuinunua, walioitengeneza walikuwa wamekwisha kufunga duka, hawapatikani. Akanionyesha: kabla mwezi haujaisha, irudishe tarehe mwanzo. Akasema, 'Usiache ikaona hata siku moja ya mbele. Ikiiona, imefunga, hata ukirudisha haitafunguka tena.' Akanisihi nisimwambie mtu. Aliona haya, mtu mzima kumdanganya chuma."

"Na Bosi?"

"Hajui. Wewe ungemwambia nini? Kwamba baba yake alikuwa mjanja?"

"Kwa hiyo kila mwezi..."

"Kila mwezi narudi mwezi wa sita. Humo ndani Mzee hajafa. Mimi sina mvi. Wewe unakuja ukitoka shule unakaa hapa chini." Akaigusa sakafu kwa ncha ya kiatu.

Zima-Washa akaelewa yote kwa mara moja, tena mpaka mwisho. Programu za siku hizi huja na muhuri wa aliyezitengeneza, na muhuri una tarehe, nao hukaguliwa mlangoni tu, zinapoingia. Mashine iliyokwama miaka ile ililetewa muhuri wa siku ambazo kwake hazijafika. Bawabu akiletewa kitambulisho kilichotolewa mwaka kesho hapigi kelele, anafunga geti.

"Tumwambie Bosi ukweli?" akauliza.

"Ukimwambia, amekwisha kumpata mtu wake. Si amesema kuna mtu? Mtu ni mimi."

"Na tukiiacha isifunguke?"

"Ni mimi vilevile."

Hapo, jamani, ndipo mtu mwenye akili angesema sijui. Angesema, Mama, nipe siku mbili nikaulize kwa wenzangu. Zima-Washa aliitazama mashine, akamtazama mama yake aliyekuwa kashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, na koo likafanya kazi yake ya siku zote.

"Dakika tu, Mama. Naisogeza tarehe mpaka leo, namwingiza mgeni, nairudisha tarehe yako. Programu yako hatutaifungua hata kidogo. Itakuwa imelala, haitaona kitu."

"Na kijisindano?"

"Kijisindano huitazama tarehe mashine inapowashwa tu. Hatutaizima. Ile mpya ikitaka tuizime, nitaiambia baadaye."

"Una hakika?"

"Mama, mimi ni nani?"

"Wewe ni mwanangu," dada akasema. Silo jibu alilokuwa analingojea.

Akakibandua kitambaa mwenyewe. Kilitoka polepole, kikaacha alama ya mraba kwenye kioo, safi kuliko kioo kingine chote. Akakifumbata kiganjani. Zima-Washa akaisogeza tarehe mwaka kwa mwaka, na kila mwaka uliopita mama alikuwa anautazama kama mtu anayewahesabu waliomo ndani ya gari linaloondoka. Walipofika leo, Zima-Washa akabofya programu mpya.

Kiduara kikazunguka. Dirisha likafunguka, jeupe, la adabu.

Mama Pasi ndiye aliyeliona kwanza. Akapiga kigelegele mpaka shati lililokuwa chini ya pasi likaungua ukosi. Mafundi wa mashine kubwa wakaja. Mrithi akaja mbio, mteja kaachwa nje anashangaa.

"Nilijua!" anasema Mrithi, ambaye hakujua lolote. "Nilijua huyu kijana ni moto! Mama, samahani, eh? Nilisema kwa hasira tu. Hebu nenda rafuni ulete nembo yoyote tuipige picha, tuanze nayo."

Dada akaenda rafuni, upande wa pili wa chumba, kitambaa bado kiganjani. Alikuwa anatabasamu. Hilo Zima-Washa analikumbuka sana, kwamba alikuwa anatabasamu.

Mstari wa kijani ukajaa kwenye kioo. Mrithi kamwekea fundi mkono begani, anawatangazia wote kwamba kuanzia leo mashine zote za karakana zitatibiwa na huyu, hakuna mwingine. Mafundi wanampigia makofi. Mpwa wangu kichwa kilivimba, na simlaumu; mimi nikisifiwa hivyo hata jina langu nalisahau. Mstari ukafika mwisho. Ikaja sentensi: ili kukamilisha, kompyuta izimwe na kuwashwa. Chini yake vitufe viwili: Sasa. Baadaye.

Anasema aliliona neno Baadaye. Aliliona waziwazi kama ninavyoliona paja langu.

"Haya, fundi, kazi yako hiyo!" Mrithi akasema.

"Zima!" Mama Pasi akaanzisha, anapiga makofi.

"Washa!" mafundi wakaitikia.

"Zima!"

"Washa!"

Kidole chake kilikuwa kimelibonyeza neno hilo maisha yake yote. Hakikungoja kuulizwa.

Kioo kikawa cheusi. Pangaboi la mashine likashusha sauti, likanyamaza, na kule rafuni dada aliyeijua sauti ya mashine ile kuliko sauti yangu akageuka na tabasamu lile lile usoni. Halikuwa limepata habari bado.

Zima-Washa akaruka. Kipo kitufe kwenye kibodi, ukikiwahi mashine inapoanza kuamka, unaingia kwenye saa yake ya ndani kabla programu yoyote haijafumbua jicho. Anakijua hata gizani. Akakigonga. Akakigonga tena. Kitufe kikazama, kikabaki kimezama. Kibodi ya mama ilikuwa imekaa karakanani miaka yote hiyo, na chini ya kila kitufe ulikuwa umelala vumbi la nyuzi, nyekundu, bluu, za dhahabu. Akaking'oa kwa kucha, vumbi likamwagika, akaubonyeza mpira wa ndani kwa kidole kitupu.

"Unafanya nini? Unaivunja!" Mrithi akamshika mkono.

Kijisindano kikajitokeza kwenye kona. Kikakaa hapo kidogo, kama kawaida yake. Kisha kikafungua kijidirisha cha kijivu chenye maneno ya kigeni, ambayo kwa lugha yetu ni haya: Muda wako wa kujaribu umekwisha. Asante kwa kutujaribu.

Zima-Washa alirudisha tarehe. Mwezi wa sita, mwaka ule. Akazima, akawasha. Asante kwa kutujaribu. Akaing'oa betri, akairudisha. Asante kwa kutujaribu. Michoro yote ilikuwamo, simba na tai na mwenge, unayaona majina yake, ukiibofya unashukuriwa. Programu mpya akaionyesha faili moja la mama. Ikasema haijui kitu hicho ni nini.

"Ni nini hiki?" Mrithi akauliza. "Nani alikuwa anaichezea tarehe?"

Zima-Washa alifungua mdomo aseme: baba yako. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Mama yake akamtazama, mtazamo ule ule wa siku ya kofi, naye akalimeza.

"Mimi," dada akasema.

"Miaka yote hii? Karakana yangu inafanya kazi kwa kitu cha kuiba, na mimi sijui?"

"Nimesema ni mimi."

Mrithi akauma mdomo, akatazama chini. Nawaambia si mtu mbaya. "Na hii michoro ya zamani, itafunguka lini?" akamuuliza fundi.

Zima-Washa akakitazama kitufe alichoking'oa. Mtu wa dakika tu, leo mama yake ndiye aliyemjibia. "Haitafunguka."

"Basi, Mama..." Mrithi akazunguka maneno kama anayetafuta ufunguo mfukoni. "Umefanya kazi muda mrefu. Pumzika. Sisi tutazipiga picha zile za zamani kutoka kwenye mashati."

Dada alikwenda mbele ya kioo, akakibandika kitambaa pale pale kwenye alama yake ya mraba, akakisawazisha kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemfunika mtu uso.

Na kweli wakazipiga picha. Simba wa programu mpya anafanana na paka mwenye homa. Nilitegemea wateja watarudisha mashati, nikawa napita pale makusudi, nikisubiri kelele. Hakuna aliyerudisha. Watu wanamvaa paka kifuani, wanatembea zao, wanapandisha mabega. Hilo ndilo lililomuuma dada kuliko yote, nadhani, ingawa hajasema.

Hajasema chochote. Zima-Washa anakaa naye nyumba moja. Anamsalimu asubuhi, anaitikiwa. Akiuliza kitu, anajibiwa ndiyo, au anajibiwa hapana. Anamnunulia nyuzi za rangi, anazikuta zimewekwa juu ya kabati, hazijafunguliwa. Hamkasirikii. Angemkasirikia, mpwa wangu huyu angepumua. Kibandani kwake siku hizi ukimpelekea kompyuta iliyoganda anaizunguka, anaifungua, anaichokonoa mchana kutwa, na lile neno lake hulisikii. Wateja wanaliomba wenyewe: "Fundi, tusijaribu kuzima?" Anasema ngoja kwanza. Redio yangu hii tatizo lake ni swichi, namjua mimi, lakini ameifungua mpaka utumbo.

Lakini nimekimbia mbele, sijawaambia dada yangu alivyotoka karakanani, nanyi msikose hilo, maana kutoka kule hakujawahi kuonekana katika mji huu. Wafanyakazi wote walisimama, safu mbili, kuanzia mashine kubwa mpaka mlangoni. Mama Pasi analia kama mtoto. Mrithi mwenyewe, kwa mikono yake, kaushika mlango. Dada kichwa juu, hatazami kulia wala kushoto, na nje barabara imesimama, magari yamezima injini, na mwanawe nyuma yake kabeba kile kiti cha mbao. Walipofika getini dada akageuka. Akamwekea mwanawe mkono wa kulia kichwani, mbele ya umati ule wote, akamwambia kwa sauti ambayo hata wa mwisho aliisikia, "Mwanangu, mimi nimekwisha kukusame..."

"Mjomba."

Bisibisi kaiweka chini. Kumbe anasikia.

"Hapakuwa na watu. Walikuwa wamerudi kwenye mashine zao. Na kiti nilikibeba mimi, nilikuwa nyuma yake njia nzima. Futa hapo. Mama hakugeuka."